Displei za maboksi madukani: jueni majina yake kabla hamjatuma hela Dar (yaliyonikuta Mbeya)

Mkaanga Kahawa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wa Uyole, Soweto, Mafiati mpaka Tunduma, ugonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene.

Nimesoma nyuzi za watu humu kimya kimya kwa miaka, leo nalipa deni. Mimi nakaanga kahawa. Naichukua Mbozi, nakaanga na kusaga hapa mjini, napaki gramu 100 na gramu 250. Mwaka juzi nilipata mlango kwenye supamaketi mbili na maduka kumi na kitu ya Tukuyu, Kyela na Makambako. Meneja mmoja akaniambia, "Shelfu zimejaa, lakini ukija na displei yako nitakutafutia pa kuiweka." Displei ni stendi au kisanduku cha kuonyeshea bidhaa dukani. Nikasema moyoni, hilo tu?

Nikaomba kotesheni, yaani orodha ya bei, kwa wachapaji wa maboksi Dar. Ikaja karatasi moja imejaa herufi kama matokeo ya maabara: FSDU vipande 40, CDU vipande 100, SRP, heda, E, B, BC, flekso, litho. Nikaona aibu kuuliza. Nikaangalia upande wa bei, nikaona CDU 100 ni nafuu kuliko FSDU 40. Mia kwa bei ndogo! Nikatuma hela.

Mzigo ulipofika nikaenda kuupokea stendi na gari la kukodi la tani moja na nusu. Nikapewa mafurushi mawili ambayo ningeweza kuyabeba kwa bodaboda. Nilikuwa nimenunua visanduku mia vya kukaa juu ya kaunta. Mimi nilikuwa nawaza stendi ya kusimama sakafuni, kimo cha mtu, yenye shelfu nne na kichwa kilichoandikwa jina langu. Dereva wa lile gari aliniangalia, akaangalia mafurushi, akauliza kwa upole kabisa, "Mzee, ndiyo haya tu?"

Nitaeleza majina yote kadiri nilivyoyajua baada ya kuungua. Ngojeni nimalizie oda ya mtu, narudi.

Kibandiko

Hahaha, "ndiyo haya tu" hiyo imeniua. Nimeweka kambi hapa na kikombe cha kahawa ya mwingine. Tiririka mkuu. Na picha usisahau, bila picha huu uzi ni wa mahakamani.

Mama Parachichi

Kamwene kaka. Niko Njombe, natengeneza mafuta ya parachichi, chupa za kioo za mili 100. Nina kotesheni yenye herufi hizo hizo mkononi sasa hivi na nilikuwa nalipia kesho. Naomba urudi leo.

Mkaanga Kahawa

Dada yangu wa Njombe, shikilia hela yako kwanza. Nimerudi.

Kotesheni inaweza kuanza na POS au POP. Usiumize kichwa hapo. Yote mawili ni jina la ukoo, maana yake kila kitu kinachomkonyeza mteja akiwa ameshaingia dukani. Bango la barabarani halimo. Ukoo huo una watoto wengi, na jina la kila mtoto linakuambia anakaa wapi dukani. Mimi sasa ndivyo ninavyoyakumbuka: sikariri herufi, nauliza kitu hiki kinakaa wapi. Sakafuni? Kaunta? Kwenye shelfu? Kimening'inia?

FSDU ni stendi inayojitegemea, inasimama sakafuni peke yake bila kuegemea kitu. Ina kitako, mwili, shelfu na kichwa kile cha juu chenye jina la bidhaa, wachapaji wanakiita heda. Hii ndiyo niliyokuwa naiota.

CDU ni ile ya kaunta. Kisanduku kifupi, mgongo umeinuka nyuma, mbele pamekatwa chini ili mkono uingie. Bidhaa ndogo ndogo: pipi, viberiti, viungo, dawa za mbu, kahawa ya gramu 100. Nyingine zina matundu, kila chupa inakaa kwenye shimo lake. Mama Parachichi, hilo la matundu lisome mara mbili.

Kuna nyingine inaitwa pipa. Wenyewe wanasema dampo bini, mimi nasema pipa maana ndivyo lilivyo: boksi kubwa, mara nyingi la pembe nane, vitu vimemwagwa ndani bila kupangwa, mteja anachakura. Linafaa kwa kitu kisichovunjika na kisicho na sura, kama pakiti za biskuti za ofa. Kumbe ndani halijajaa hata! Huwekwa sakafu ya uongo katikati, chini hewa tupu, juu mzigo unaonekana umefurika. Siku nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu katikati ya supamaketi.

Kwenye supamaketi kubwa, yale mashelfu marefu ya katikati yanaitwa gondola. Ncha yake, pale unapokata kona, ndiyo sehemu yenye vita kuliko zote. Ile ncha wanaiita endikapu. Na ubavuni mwa ncha unaweza kutundika stendi nyembamba isiyogusa chini, saidikiki au pawawingi, jina linategemea unaongea na nani. Sijawahi kuitumia. Maduka yetu mengi huku hayana hata gondola yenye ubavu wa kutundikia, kwa hiyo mkiiona kwenye kotesheni iruke.

Duka la Kona

Ngoja niingilie kabla hamjafika mbali. Mimi ndiye mwenye duka, nipo Mwanjelwa, na nyie wenye displei mnanitesa.

Mnakuja na stendi ya mita moja na nusu kwenye duka ambalo mimi mwenyewe nikitaka kutoka lazima mteja asogee. Kaunta yangu ina mzani, mashine ya miamala, simu tatu za wakala, ndoo ya pipi na daftari la madeni. Kilichobaki ni upana wa daftari lingine moja. Kisanduku chako kikizidi daftari la shule kwa upana, nakipokea kwa tabasamu, ukipanda bodaboda nakipeleka stoo. Nasema ukweli mbele za Mungu.

Na jingine. Stendi ikiisha bidhaa zako siku mbili hujaja, mimi siachi shelfu tupu. Naweka sukari.

Mkaanga Kahawa

Duka la Kona, wewe au ndugu yako ndiye aliyeniua. Hiyo sukari ndiyo sura ya pili ya msiba wangu, nilikuwa nakuja huko.

Baada ya aibu ya visanduku mia nilijipanga tena, nikaagiza FSDU 40 kwa kampuni nyingine. Safari hii jina nililijua. Kumbe jina peke yake halitoshi, kuna herufi ya boksi lenyewe. Waliandika "E" na mimi nikadhani ni namba ya modeli.

Nikazisambaza. Wiki ya tatu nikapita duka moja la Tukuyu. Mnaijua Tukuyu na mvua yake, Machi ile. Nakuta stendi yangu imeinamia upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Shelfu ya juu kahawa yangu pakiti saba. Shelfu ya pili sukari ya kilo moja moja. Ya tatu mafuta ya kupikia ya lita. Nikachuchumaa kuangalia kitako. Maji yalikuwa yamepanda kwenye rangi kama vidole vinne kutoka sakafuni, ile picha ya kikombe imevimba na kujikunja. Nilipobonyeza kwa kidole, kidole kiliingia. Karatasi ya nje ilikuwa imeachana na mawimbi ya ndani, zile tabaka zikafunguka kama kitabu kilichoangukia mtoni.

Nikamuuliza kijana wa duka, mnamwagia maji? Akasema hapana, tunapiga deki tu asubuhi. Kila asubuhi! Mopa inapita, inagonga kitako, maji yanabaki pale.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: shelfu 4, kila moja pakiti 20 za gramu 250. Hiyo ni kilo 5 kwa shelfu, kilo 20 stendi nzima. Na boksi lile jembamba lilizimudu kilo 20 likiwa kavu. Mwenye duka kaweka pakiti 12 za sukari kwenye shelfu moja. Kilo 12 palipotengenezwa kwa kilo 5, juu ya kitako kilicholowa.

Kati ya 40, zilizofika mwezi wa tatu tangu nizisambaze zikiwa wima zilikuwa 14.

Kibandiko

"Kama mtu anayesikiliza redio ya jirani." Mkuu acha kahawa, andika.

Fundi Fluti

Wadau, niliwahi kufanya kazi miaka 11 kwenye mashine ya kutengeneza maboksi Dar, sasa nimerudi nyumbani Mufindi napanda miti. Nimeona mtoa mada ameteseka kwa E, niruhusuni niweke sawa hapo, maana watu wengi wanaliwa kwenye hizi herufi.

Chukua boksi lolote, ulikate, uangalie ukingo wake. Utaona karatasi bapa juu, bapa chini, na katikati karatasi iliyokunjwa mawimbi. Mawimbi hayo kiwandani tunayaita fluti, na bapa tunaziita laina. Kinachozishika ni gundi ya wanga, wanga wa mahindi kwa kawaida. Ndiyo maana maji ni adui: unga ukilowa unarudi kuwa uji. Hata bila kumwagiwa, hewa yenye unyevu mwingi peke yake inaweza kulipunguzia boksi karibu nusu ya nguvu zake za kubeba. Tukuyu mwezi wa tatu hewa yenyewe ni maji.

Sasa herufi. Hazifuatani kwa ukubwa, hapo ndipo pana mtego. Zilipewa kwa kufuata ipi ilianza kutengenezwa. A ni nene, inakaribia milimita 5. C ni kama 4. B ni kama 3. E ni kama milimita moja na nusu. F haifiki hata milimita moja. Kwa hiyo anayedhani E imezidi B kwa sababu iko mbele kwenye alfabeti, ameumia. Ukiona herufi mbili pamoja, BC au EB, hiyo ni boksi la mawimbi mawili yamebandikwa pamoja. BC inafika kama milimita 7, ndiyo ya mizigo mizito.

E si mbaya, msiitukane. Uso wake ni laini kwa sababu mawimbi ni madogo na yamebanana, picha inakaa vizuri. Kwa kisanduku cha kaunta ni safi kabisa. Kuisimamisha sakafuni na shelfu nne ndiyo dhambi, labda uwe umeikunja mara mbili tatu kwenye nguzo. Stendi ya sakafuni omba B au EB kwenye mwili, na kitako BC.

La pili ambalo wachapaji wengine hawasemi: mawimbi yaelekee wapi? Simamisha kipande cha boksi mawimbi yakiwa wima, kama nguzo za nyumba, halafu bonyeza juu. Kigeuze yalale, bonyeza tena. Utaona mwenyewe. Kwenye kuta za stendi mawimbi lazima yasimame wima. Nimeona watu wakiyalaza ili kubana karatasi, vipande vingi vitoke kwenye karatasi moja kubwa ya boksi. Wanaokoa karatasi, wewe unapoteza stendi.

Karatasi nayo si moja. Kuna krafti, inatokana na mti mbichi, nyuzi ndefu, paina ndiyo inapendwa kwa hilo. Na kuna testi laina, hiyo inatokana na karatasi zilizorudishwa, nyuzi zimeshakatikakatika. Testi laina ni rahisi na inatosha kwa kazi nyingi, ila penye unyevu mimi ningelipia krafti. Na watu wa huku tusijifanye wageni wa habari hii: misitu ya Sao Hill iko hapa hapa Mufindi, na kiwanda kinachotengeneza karatasi ya krafti kipo Mgololo. Mti unatoka kwetu, unakwenda Dar, unarudi Mbeya ukiwa stendi ya kahawa.

Mbishi wa Mafinga

Yote haya kwa boksi? Si mchomeleeni mtu stendi ya chuma pale kwa mafundi wa Sido akae nayo miaka kumi? Au mbao. Mbao huku ni za kumwaga.

Fundi Fluti

Mbishi, chuma unakipeleka Kyela kwa nini? Na meneja akibadilishwa, akaja mwingine akasema toa takataka zako, unarudi nayo kwa nini? Boksi linasafiri limelala, stendi 10 zinakaa mahali pa stendi moja ya chuma. Linakaa miezi miwili mitatu ya promosheni, linatupwa au linauzwa kwa wanaokusanya makaratasi. Chuma na mbao ni kwa bidhaa ambayo tayari ina nafasi ya kudumu. Kila kitu na kazi yake.

Kidogo cha kuchekesha: hii karatasi ya mawimbi ilianzia kwenye kofia. Waingereza wawili, Healey na Allen, waliisajili mwaka 1856 kama kitambaa cha ndani cha zile kofia ndefu za mabwana. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones akaisajili kwa kufungia chupa na vioo, na 1874 mwenzake Oliver Long akaongeza zile laina za kubandika. Kofia imekufa, boksi limebaki.

Konda wa Kyela

Niwaambie upande wetu wa buti. Mtu akileta displei zimeshafunguliwa na kusimamishwa, hizo nazitoza kama fanicha na zitapondwa tu. Zilete zimelala, zifungwe kamba, ziandikwe UPANDE HUU JUU, na ulipie ziwekwe juu ya mizigo, siyo chini. Halafu uliza jana buti lilibeba nini. Tukishusha usipa kutoka Kyela, kesho yake boksi zako zitafika zinanuka ziwa. Boksi linanyonya harufu kuliko blanketi.

Mkaanga Kahawa

Konda, umenikumbusha! Meneja mmoja aliwahi kunipigia simu, "Kahawa yako mbona ina harufu ya samaki?" Pakiti zilikuwa salama, ni stendi.

Fundi, ndaga fijo. Hiyo ya mawimbi kusimama wima nilikuja kuijua baada ya kukata stendi iliyokufa kwa kisu cha jikoni. Yalikuwa yamelala.

Naendelea na majina, yamebaki ya kwenye shelfu na ya kuning'inia, nitayapita haraka isipokuwa moja.

Hilo moja ni SRP. Wengine wanaandika RRP, na kazi za Kimarekani zinaandika PDQ, zinakaribiana. Hili ni boksi la kusafirishia ambalo lenyewe ndilo displei. Limetobolewa vitundu vitundu kwenye mstari, kama stempu. Mwenye duka anachana kwenye mstari, kifuniko kinatoka, kinachobaki ni trei yenye pakiti zimepangwa, anaisukuma kwenye shelfu yote kwa mara moja. Wenye maduka makubwa ya Ulaya wana masharti matano juu ya hili boksi: litambulike stoo bila kulifungua, lifunguke bila kisu, lipangike kwa mkono mmoja wa haraka, mteja achukue bila kubomoa, na likiisha litupike bila ugomvi.

Kwa mtaji wangu hii ndiyo iliyonifaa kuliko zote, na hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nalipa boksi la kusafirishia, halafu nalipa displei, wakati boksi moja lingefanya yote mawili. Sasa kahawa ya gramu 100 inatoka kwangu ndani ya SRP ya pakiti 12. Kule Makambako hawachani kwenye mstari, wanakata na wembe popote wanapoona pameelekea, lakini angalau inakaa kwenye shelfu ikiwa na jina langu mbele.

Haya mengine: kuna kibao kinachochomoza kwenye ukingo wa shelfu, na kile kinachotikisika kwenye mkono wa plastiki ndicho kinaitwa wobla. Mkanda wa kuning'iniza, klipu stripu, una vishikizo, unatundika pakiti ndogo kumi na mbili wima, hauchukui hata inchi ya kaunta. Sanamu la kadibodi, mtu mzima aliyekatwa amesimama anatabasamu na simu au soda mkononi, huyo nyuma ana mguu wa kukunja, na upepo wa mlangoni ukivuma anaanguka kifudifudi. Na displei ya paleti, hii inafika ikiwa imeshapangwa juu ya paleti yake, yaani kile kitako cha mbao cha kubebea mizigo; paleti nzima ya Ulaya ni milimita 1200 kwa 800, nusu 800 kwa 600, robo 600 kwa 400. Ukiona vipimo hivyo kwenye kotesheni ujue wanaongelea paleti. Kwa duka la Tukuyu robo paleti ni sebule.

Duka la Kona

Huo mkanda wa kuning'iniza nauunga mkono. Nimeufunga kwenye nondo ya dirisha, majani ya chai na viungo vinauzika vikiwa vinaning'inia na sijanyang'anywa kaunta. Wengine wote igeni hapo.

Mama Parachichi

Kaka, nimesoma mpaka nikasahau ugali jikoni. Sasa nisaidieni. Kotesheni yangu inasema FSDU, E, litho, hela ya kisu juu yake. Chupa zangu na mafuta ndani ni kama gramu 250 moja. Kisu cha nini?

Mkaanga Kahawa

Dada, kwanza futa FSDU kwa chupa za kioo. Ikiinama kama ile yangu, hutaokota sukari, utaokota vioo na mafuta. Chukua ya kaunta yenye matundu, chupa 12, ni kilo 3 tu, hapo E inatosha. Sema wakuwekee kitako cha tabaka mbili. Upana usizidi daftari, umemsikia mwenye duka.

Kisu Fundi atakieleza vizuri. Litho na flekso niliambiwa hivi: flekso wanachapa moja kwa moja juu ya boksi, rangi moja mbili, juu ya kahawia, bei ya chini. Litho wanachapa kwanza kwenye karatasi nzuri kama ya gazeti la picha, kisha wanaibandika kwenye boksi. Inang'aa, inagharimu, na oda ndogo inauma. Ukitaka vichache kuna wanaochapa kwa mashine ya dijitali moja kwa moja.

Mimi nimerudi kwenye flekso rangi moja, nyeusi juu ya kahawia. Kahawa na kahawia, imekubali. Mafuta yako ya kujipaka labda yanataka kung'aa, hilo unajua wewe.

Fundi Fluti

Mama, kisu ni ule ubao wenye wembe na vyuma butu vilivyochongwa kufuata umbo la displei yako. Wembe unakata, chuma butu kinakandamiza mstari wa kukunjia. Wachapaji wanaita daikati. Unalipia mara moja, oda ya pili hulipi tena kama umbo halijabadilika, kwa hiyo uliza mapema kisu ni mali ya nani na kitatunzwa wapi. Nimeona ugomvi mkubwa sana kwenye hilo: mtu anahama mchapaji, anaambiwa kisu kimepotea.

Ujanja huo wa kukata na kukunja kwa pigo moja unasemekana ulizaliwa kwa ajali. Robert Gair, Brooklyn, mwaka 1879, alikuwa anachapa mifuko ya mbegu, chuma cha kukunjia kikasogea kikawa kinakata. Badala ya kulia akaona biashara.

Na kabla hujalipia kisu, dai sampuli nyeupe. Ni displei yako kamili iliyokatwa kwa mashine ndogo au hata kwa mkono, haijachapwa kitu. Ipakie chupa zako zote 12. Iache siku mbili karibu na dirisha. Itikise. Mchapaji akikataa kukupa sampuli nyeupe, mwambie asante, tafuta mwingine.

Mbishi wa Mafinga

Sawa nimekubali. Lakini hiyo deki mmeitatua vipi? Maana boksi la krafti au la nini, mopa ni mopa.

Mkaanga Kahawa

Mbishi umeuliza la maana leo. Nilijaribu vitatu. Kwanza nilibandika selotepu pana kuzunguka kitako, ikashika wiki mbili, maji yakapitia kwa chini. Pili nikaomba wapake vanishi ya kuzuia maji upande wa nje, ikasaidia uso lakini ule ukingo uliokatwa, pale mawimbi yanapoonekana, ulibaki unanyonya kama mrija. Tatu, na ndiyo ninayotumia: vipande vya mbao, mabaki ya fundi seremala wa jirani, urefu wa kidole kirefu, vinne chini ya kila stendi. Stendi haigusi sakafu kabisa. Mopa inapita chini. Nyuma ya kila stendi nimeandika kwa kalamu nene: KAHAWA TU. KILO 5 KWA SHELFU.

Duka la Kona

Sisi hatusomi nyuma.

Mkaanga Kahawa

Najua. Ndiyo maana sasa shelfu nimezipunguzia kimo, pakiti ya sukari ya kilo haiingii ikiwa imesimama.

Duka la Kona

Tutailaza 😂

Kibandiko

Uzi umeshiba. Ila picha bado mkuu, ya ile iliyokuwa inasikiliza redio.

Mama Parachichi

Narudi na mrejesho. Asubuhi nimempigia mchapaji, nimekataa FSDU, nimeomba CDU ya matundu 12 na sampuli nyeupe. Kwanza alishangaa nimejuaje hayo majina, halafu akasema sampuli ipo, wiki ijayo. Kisha nikachukua futi ya fundi cherehani nikaenda duka la dawa ninaloliuzia hapa Njombe mjini. Kati ya kaunta na kile kioo cha juu cha kupokelea hela pana sentimita 28. Mchoro walionitumia una kimo cha sentimita 34.

Fundi Fluti

Punguza kichwa, mama, mgongo na matundu usiviguse. Na kapime maduka mengine matatu kabla hawajachonga kisu.

Mama Parachichi

Nipo kwenye bajaji naenda la pili.